Tundu Upande wa Dirisha

Jumatatu, 4 Machi
Mdogo wangu amechoka na habari za panya. Jana mezani aliweka kijiko chini akasema, "Dada, mimi nashona nguo. Nikirudi nyumbani nataka kula, sitaki kujua ubongo unakatwaje." Leo ameniletea daftari lenye jalada la kijani. Kila neno la maabara niliweke humo, masikio yake yapumzike.

Haya basi, daftari, ujue unaongea na nani. Mimi ni fundi wa maabara, nakata ubongo wa panya vipande vyembamba kuliko karatasi. Mwaka wa kumi na tisa huu. Chuoni wananiita Mama Kisu, mbele yangu na nyuma yangu, nami sijali. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, na sijawahi kuharibu kazi ya mtu.

Jumanne, 5 Machi
Joto la kuudhi. Panya wa nne amekatwa, hana kasoro.

Alhamisi, 7 Machi
Kazi ya muhula huu ni ya binti anayesomea uzamivu, tunamwita Daktari Mdogo. Anafuatilia nyuzi zinazotoka kwenye amigdala, kile kijisehemu cha ubongo kinachonusa hatari, kwenda chini hadi shina la ubongo, linaloendesha pumzi na moyo na kushtuka. Anaingiza tone la rangi kwenye amigdala ya upande mmoja. Rangi inatambaa ndani ya nyuzi siku kadhaa, na ukiweka kipande chini ya hadubini unaona njia nzima inang'aa kijani. Njia hiyo inateremka, kwa sehemu kubwa, upande uleule ilikoanzia.

Panya wengine anawatia rangi kushoto, wengine kulia. Ni upande upi, hatuambiwi. Ameandika kwenye karatasi, karatasi imo ndani ya bahasha, bahasha imefungiwa kwenye kabati la Profesa, mkuu wa maabara, aliyewapa panya namba mpya hata binti asiwatambue, mpaka hesabu zote ziishe, ili mtu asione kile anachotaka kukiona.

Vipande vyenyewe vinaelea majini na kupinduka ovyo kwenye brashi, huwezi kujua kulia ni wapi. Ndiyo maana kabla ya kukata napitisha sindano ndefu upande mmoja wa ubongo, kutoka mbele hadi nyuma. Kila kipande kinatoka na katundu kake. Tundu likionekana, umejua huo ni mkono wa kulia wa panya. Natoboa upande wa dirisha. Nimewafundisha hivyo mafundi wanne, na wote wameondoka hapa wakijua: pua ya panya mbele, tundu upande wa dirisha.

Jumatatu, 11 Machi
Wameniletea mwenzangu. Profesa anasema muda wa binti unakimbia, ufadhili wake unakwisha Julai, kwa hiyo tugawane: kila ubongo ukatwe nusu mbili, ya mbele yenye amigdala yangu, ya nyuma yenye shina yake, kila mtu atoboe na kukata nusu yake. Ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, anavaa viatu vya raba visivyotoa sauti. Sikuuliza alikotoka. Kwangu ni Mgeni.

Jumanne, 12 Machi
Mvua ya kwanza. Dari la chumba cha kukatia linavuja juu ya mashine, tumeihamishia ukuta wa pili. Mlango sasa uko mgongoni kwangu, sipendi.

Alhamisi, 14 Machi
Mgeni ameniuliza, "Mama, hapa tundu mnatoboa upande gani?"
"Upande wa dirisha."
"Yaani kulia kwa panya?"
"Upande wa dirisha, baba. Nimetoboa hivyo kabla hujaota ndevu."
Akatazama dirisha, akanitazama mimi, akaandika kitu kwenye kijitabu chake cha mfukoni. Anaandika nini? Swali dogo, jibu dogo, halafu mtu anaandika.

Ijumaa, 15 Machi
Mvua. Panya wa tano, mimi mbele, yeye nyuma.

Jumatano, 20 Machi
Nimeruka leo mpaka brashi ikaanguka. Nilikuwa nimeinama kwenye mashine, nikasikia "Shikamoo" sikioni, kumbe Mgeni ameingia kwa viatu vyake vya paka. Moyo ulidunda hadi saa ya chakula.

Daktari Mdogo aliniona nimeshika kifua. Akacheka, akanipeleka chumba cha pili kunionyesha panya wake. Alibonyeza kengele. Panya akaganda, miguu minne imekwama, hata masharubu hayatikisiki.
"Hiyo, Mama, ndiyo njia unayoikata," akasema. "Amigdala imepeleka amri kwenye shina, shina limekamata mwili. Panya mwenyewe hajajua anaogopa nini."
"Akijua?"
"Akijua, mwili umeshafanya."
Nikamwambia mimi najua ninachoogopa. Naogopa mtu anayetembea bila sauti.

Jumatatu, 25 Machi
Panya wa saba. Mgeni habandui macho kwenye mikono yangu ninapotoboa. Nimemwambia kama anataka picha, alete kamera.

Jumatano, 3 Aprili
Leo maabara imechemka. Daktari Mdogo ameweka vipande vya kwanza chini ya hadubini. Panya wa kwanza hadi wa nne, ambao nilikata peke yangu, amigdala na shina zinang'aa upande mmoja, kama vitabu vinavyosema. Wa tano, amigdala inang'aa upande wenye tundu, shina linang'aa upande usio na tundu. Wa sita vilevile kinyume. Wa saba pia.

Binti alitetemeka kwa furaha. "Mama, njia inavuka! Inahama upande!"
Nikamwambia tulia. Njia iliyokuwa haivuki kwa panya wanne haiwezi kuanza kuvuka kwa wa tano, kana kwamba panya wamekaa kikao. Furaha ikamtoka usoni, nikajuta kuwa mimi ndiye niliyeiondoa.

Sasa, daftari, hesabu pamoja nami. Kabla ya Mgeni: sawa. Baada ya Mgeni: kinyume. Na nusu za nyuma anakata nani?

Alhamisi, 4 Aprili
Nilimuuliza kwa upole, "Ndugu, unatoboa wapi?" Akasema, "Kulia, Mama. Kulia kwa panya." Hakusita wala hakupepesa jicho. Mtu mkweli husita kidogo.

Jumatatu, 8 Aprili
Mvua haikatiki. Viatu vyangu havijakauka tangu Ijumaa. Panya wa tisa.

Jumanne, 9 Aprili
Saa ya chakula nilirudi ghafla kuchukua mwavuli. Mgeni alikuwa kwenye kabati langu la slaidi za zamani, vile vioo tunavyobandikia vipande. Langu, la miaka yote hiyo. Ameshika trei ya mwaka juzi, anazitazama slaidi moja moja kwenye mwanga. Kuniona, akarudisha trei taratibu.
"Nilikuwa najifunza tu, Mama."
"Unajifunza nini humo?"
"Mkono wako."
Mkono wangu! Mtu anayetaka kughushi saini huanza hivyohivyo. Nilitoka na mwavuli, nikanyeshewa bila kuufungua.

Jumatano, 10 Aprili
Nimemweleza mdogo wangu yote, japo tulikubaliana iwe kwako wewe daftari. Alikuwa anapiga pasi suruali ya mteja. Akaniuliza, "Kama anabadilisha slaidi, anapata nini?"
Nikasema anataka nafasi yangu, anataka nionekane nimezeeka.
"Nafasi yako si iko wazi mwakani, dada? Si angoje tu?"
Nikakasirika. Akaendelea kupiga pasi, halafu akasema bila kuniangalia, "Wewe unaruka kwanza, unatazama baadaye. Yule jirani wa kamba ya nguo umemsahau?"
Sijamsahau. Shuka nililosema ameiba nililikuta chini ya kitanda changu. Lakini shuka si slaidi.

Jumatatu, 15 Aprili
Nimefunga uzi wa cherehani, mweusi, kwenye milango ya kabati. Asiyeujua hauoni.

Jumanne, 16 Aprili
Uzi upo.

Jumatano, 17 Aprili
Uzi upo.

Alhamisi, 18 Aprili
Uzi umekatika.

Ijumaa, 19 Aprili
Panya wa kumi na mbili. Nimewakuta Mgeni na Daktari Mdogo wananong'ona korido. Nilipopita wakanyamaza. Baadaye binti aliniuliza kwa sauti ya kubembeleza, "Mama, macho yako hayakusumbui siku hizi?" Nikajua maneno yametoka wapi. Nilikwenda msalani nikalia. Miaka kumi na tisa, halafu naulizwa macho.

Jumatano, 24 Aprili
Panya wa kumi na tano, wa mwisho, amepita chini ya hadubini. Kuanzia wa tano hadi wa kumi na tano, kumi na moja, wote kinyume. Hata mmoja hakuponyoka. Huyu mtu anafanya kazi yake kwa uangalifu, lazima nimpe haki yake.

Ijumaa, 26 Aprili
Nimemwandikia Profesa barua. Kurasa mbili. Kabati, uzi, kijitabu, viatu. Nilipoweka saini mkono ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa mwezi mzima.

Jumatatu, 29 Aprili
Kikao, ofisini kwa Profesa. Mvua ilipiga mabati hadi tukawa tunaongea kama tunagombana hata kabla ya kugombana.

Profesa alisoma barua yangu kwa sauti. Mgeni alikaa mikono magotini. Mwishoni akaniuliza, "Mama, uliniona nikibadilisha slaidi?"
"Niliona uzi umekatika."
"Nilifungua kabati, ndiyo. Nilitaka kuona zamani ulikuwa unatoboa wapi."
"Zamani?" nikasema. "Kwani sasa nimekufa?"
"Profesa, nilikuwa nalinganisha, sijamaliza, nilitaka kwanza niwe na—"
Profesa akainua mkono. "Huyu mama amefundisha nusu ya mafundi wa nchi hii. Wewe una wiki saba."
Mgeni akanitazama. Nilitegemea chuki, nami nilikuwa nimejiandaa nayo. Aliniangalia kama mtu anayengoja mwenzake akumbuke kitu. Kisha akasema, "Basi. Mimi nimesema yangu," akainuka.

Daktari Mdogo ndiye aliyeuliza, "Si tufungue bahasha tuone nani yuko sahihi?" Profesa akatikisa kichwa. Kama slaidi zimechezewa, bahasha haitatuambia chochote. Mgeni amesimamishwa kazi. Panya wote kumi na moja watatupwa, kazi ianze upya.
"Ufadhili wangu unakwisha Julai," binti akasema.
"Najua," akajibu Profesa.
Binti hakulia. Alikusanya kalamu zake, ikaanguka moja, hakuiokota. Nilisema moyoni, haya yote ni ya Mgeni, yamemshukia mtoto wa watu bure.

Jumanne, 30 Aprili
Chumba kimya. Hakuna aliyenishtua. Nimeruka mara mbili.

Alhamisi, 2 Mei
Profesa anataka maelezo rasmi ya kumwachisha Mgeni kazi moja kwa moja, yenye tarehe, Jumatatu asubuhi. Nimemwambia hilo rahisi, tarehe zote ninazo.

Jumapili, 5 Mei
Ngoja niandike polepole.

Asubuhi nilikaa mezani na wewe, daftari, na karatasi safi pembeni. Nikaanza kunukuu dhambi zake. Tarehe 11 Machi, amefika. Nikataka kuruka tarehe 12, maana Mgeni hayumo, ni habari ya dari tu. Lakini kalamu ilisimama. Tumeihamishia ukuta wa pili. Mlango sasa uko mgongoni kwangu.

Mlango ukihamia mgongoni, na dirisha je?

Nilijiambia upuuzi, dirisha halijahama. Ni kweli, halijahama. Mimi ndiye niliyegeuka.

Nikachukua pasi ya mdogo wangu, kwa sababu ina pua. Nikaiweka mezani, pua mbele, dirisha la sebuleni likiwa kulia kwangu, nikaichora kwa chaki ya kushonea upande wa dirisha. Nikahamia upande wa pili wa meza. Nikaigeuza pasi, pua mbele, kama ninavyofanya kila siku, nikachora tena upande wa dirisha. Kisha nikaiinua.

Ilikuwa na chaki pande zote mbili.

Mdogo wangu alitoka chumbani akanikuta nimekumbatia pasi. Akauliza nani amekufa. Nilivaa, nikaenda chuoni kwa miguu kwenye manyunyu, mlinzi akanifungulia. Nikakaa kwenye kiti changu, mbele ya mashine. Nikainua mkono ulio upande wa dirisha.

Ulikuwa wa kushoto.

Kumi na moja. Hakuna aliyezichezea. Nusu zake zilikuwa sahihi, zangu zote zilikuwa kinyume. Aliniuliza tarehe 14, siku ya nne tu tangu afike: yaani kulia kwa panya? Nimeyaandika mwenyewe, yapo hapa kwa mwandiko wangu. Nikamjibu habari za ndevu.

Nimerudi nyumbani, nimekaa. Nitaandika na hili, kwa kuwa nimelifikiria kwa zaidi ya saa nzima: hakuna atakayejua. Bahasha haifunguliwi. Slaidi zinatupwa. Dari likikauka mashine inarudi kwenye ukuta wake, tundu linarudi mahali pake, na mwakani naagwa kwa keki. Mtu mmoja tu anajua, naye hakuna anayemsikiliza, na nimelifanya hilo mimi.

Naona aibu hata mbele ya karatasi.

Lakini slaidi zinatupwa kesho saa nne.

Jumatatu, 6 Mei
Nilifika kabla ya msafishaji. Profesa alipofungua ofisi nilikuwa nimesimama mlangoni na pasi kwenye mfuko. Nadhani alidhani nimepata wazimu. Nilimwonyesha mezani kwake, chaki na yote. Nikasema, "Fungua bahasha. Mwite binti, na umwite na yeye. Nusu za mbele zote ni kosa langu."
"Una hakika?"
"Hesabu zinakwisha leo, Profesa. Zikitupwa ndiyo zimekwisha. Fungua."

Mgeni alifika saa tatu na nusu, amelowa. Viatu vyake vililia kwenye sakafu, mara ya kwanza nimesikia hatua zake. Sikusubiri akae. Nilimwambia mbele ya wote kwamba nimemsingizia, kwamba uzi niliufunga mimi, barua niliandika mimi, na kosa ni langu. Nilitaka kuongeza habari ya meza na dari, nikaacha. Dari halikuandika barua.

Daktari Mdogo alisoma karatasi ya bahasha, namba kwa namba, na Profesa akawa anaweka alama. Nusu za nyuma: sahihi kumi na moja. Nusu za mbele: sahihi hakuna. Halafu binti akaanza kucheka huku machozi yanamtoka. Nilichelewa kuelewa. Kumbe nilichokosea, nilikosea kila mara kwa namna ileile. Ukizigeuza nusu zangu zote kumi na moja, kila moja inakaa sawa na mwenzake. Hakuna panya wa kutupwa. Njia haivuki, inateremka upande wake kama siku zote, na kazi yake imepona.

"Hata kukosea, Mama, unakosea kwa nidhamu," Profesa akasema. Kisha akaacha utani, akasema barua ya onyo itaingia kwenye faili langu. Nikasema iingie.

Korido nilimuuliza Mgeni, "Mbona hukuniambia waziwazi?"
"Nilikuuliza siku ya nne."
"Baada ya hapo."
Akavua miwani, akaifuta. "Mtu wa miaka kumi na tisa kazini, Mama. Nilianza kujitilia shaka mwenyewe. Ndiyo nikaenda kwenye slaidi zako za zamani, nione kama ni mimi niliyegeuza dunia. Za zamani zote tundu liko kulia. Nikapima wa tano, wa sita. Nilitaka niwapime wote ndipo niseme."
"Na mimi nikawahi."
"Uliwahi," akasema. Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme.

Jumanne, 7 Mei
Nimeandika karatasi kubwa, nimeibandika juu ya mashine: TOBOA KULIA KWA PANYA. Mdogo wangu ananidai chaki.

Ijumaa, 17 Mei
Mvua imekata. Wamepaka dari. Waliniuliza kama nataka mashine irudi ukuta wake, nikasema iache hapohapo.

Jumatatu, 20 Mei
Mgeni amerudi kazini rasmi leo. Alikohoa korido, akagonga mlango uliokuwa wazi, akaita, "Mama, ni mimi, naingia." Yote hayo nisishtuke.

Nilimsikia akikohoa. Nilimsikia akigonga. Nilijua ni nani, na nilijua hana baya. Niliruka vilevile, brashi ikaanguka.

Halafu nikageuka, nikamtazama.